Kwa Mama Salha, Uliyewatilia Shaka Kuku wa Arusi

Mwaka umetimia, Mama, tangu ulipotutoka, na hapa kwetu, kwa Wayahudi wa Flores, Buenos Aires, bado hakuna anayethubutu kupika wali bila kuchambua mchele mara tatu.

Hukuwa mtu wa kuamini kirahisi. Yai ulilivunjia kwanza kwenye glasi, uone kama lina damu, maana damu kwetu ni mwiko. Mkweo Perla, mke wa mwanao Elías, akikualika, ulifunua masufuria yake yote kabla ya kuketi. "Nakupenda, mwanangu," ulimwambia, "lakini kijiko cha nyama kinafanya nini karibu na jibini? Tangu lini nyama na maziwa vikakaa pamoja?" Perla hucheka akikumbuka. Wakati ule hakucheka.

Kwa arusi ya mjukuu wako Raquel, kuku waliletwa na Nissim, mwenye bucha letu, rafiki wa Elías tangu utotoni. Ulimpapasa mmoja, ukamrudisha mezani.

"Mbona laini kama shavu la mtoto? Kuku wetu hawachovywi maji ya moto wakinyonyolewa, huja na vinyoya. Huyu si wetu."

"Mama, usituaibishe! Nissim ni ndugu yangu," Elías alifoka.

"Basi kula wewe. Mimi nitakula chungwa."

Kweli ukala chungwa, mbele ya wageni wote. Elías alikununia, akaacha kuja kwako jioni za Sabato. Nawe ukaanza kwenda asubuhi kusimama ng'ambo ya bucha, mkoba mkononi, kama anayesubiri basi. Siku gari lisiloandikwa jina lolote liliposhusha makreti ya kuku mlango wa nyuma, ulimwita rabi. Nissim alikiri palepale: walikuwa kuku wa sokoni tu, hawakuchinjwa kwa sheria yetu.

Ilibidi mtaa mzima uchemshe masufuria yaliyopikia kuku hao, kuyatakasa. Elías alikuja kwako na yake, akasimama mlangoni.

"Ingia, maji yamechemka," ulimwambia. Basi.

Watu walimkwepa hata Latife, mke wa Nissim, ambaye hakujua lolote. Wewe ulimpigia hodi. Alikutengea chai. Uliinusa, ukaigeuza glasi kwenye mwanga, ukamtazama Latife machoni, kwa muda. Kisha ukanywa chai yote, ukaomba nyingine.

Hatutakusahau kamwe, Mama: Elías na Perla, Raquel na mumewe Toufic, na Latife, aliyeomba jina lake liwekwe hapa pamoja na yetu.