Diski za Zulekha Hazitoki Kanduyi

S.L.P. 1187,
Kitale.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Naim,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Doha, na kwamba joto ulilolilalamikia limeanza kulegea. Sisi huku tu wazima. Mvua haikutunyima na mahindi yamebeba vizuri. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu. Jioni anatembea mpaka msikitini bila fimbo na anakataa kushikwa mkono. Ameniamuru nikuulize kama siku hizi unapika au bado unaishi kwa mikate ya dukani.

Nimeandika kwa karatasi makusudi. Kwenye simu unanikatiza. Binamu yetu Mulki anakuja huko Alhamisi, na ameahidi kukukabidhi hii mkononi.

Ulinituma niende Bungoma, Kanduyi, nikamwambie dada yetu Zulekha mambo mawili. Kwanza, aondoe diski zote kwenye chumba chake cha gemu na atumie mashine mpya uliyomletea. Pili, akikataa, ahame, ili chumba hicho, kile cha mbele cha nyumba ya marehemu Baba, ukikodishe kwa muuza simu. Ulisema ninafaa mimi kwa sababu mwandishi wa habari hana upande. Basi nilienda kama mwandishi. Nilitazama, nikauliza, nikalinganisha. Hii ndiyo taarifa, na hutaipenda.

Naanza na sifa za mashine yako, kwa sababu ni haki yake. PlayStation 4 ya Zulekha ni kuukuu na inanguruma kama kinu cha mahindi. PlayStation 5 uliyotuma iko kimya, picha zake ni safi, na gemu hufunguka kabla mtu hajakaa vizuri. Padi yake ya kuchezea hutetemeka vidoleni mpaka unahisi mpira umegonga mwamba. Zulekha mwenyewe ameipenda. Kasoro yake ni moja: ni lile toleo lisilo na mdomo wa diski. Kila gemu lazima ivutwe kwa intaneti, na wewe ulikulia Kanduyi, bando za huko unazijua.

Sikutaka kusikiliza kambi moja tu, kwa hiyo niliporudi Kitale nilimtembelea Kabiru, yule mwenye chumba cha gemu nyuma ya soko. Yeye ni mtu wa Xbox na haoni haya kusema. Padi ya Xbox ina vijiti visivyolingana, cha kushoto kimekaa juu na cha kulia chini, wakati vya PlayStation vimekaa sambamba. Mkono mkubwa unatulia zaidi kwenye ile ya Kabiru. Tena inatumia betri ndogo za tochi, ambazo kila kioski kinauza. Ya Zulekha inachajiwa kwa waya, na waya huo huondoka na wateja. Kwenye padi, ushindi nampa Kabiru.

Diski ni habari nyingine. Ya PlayStation haisomeki kwenye Xbox wala ya Xbox kwenye PlayStation, ingawa ukiziweka mezani ni kama pacha. Kabiru aliepuka ugomvi huo kwa kununua Xbox isiyo na mdomo. Aliinunua mkononi mwa jirani, imejaa gemu. Jirani alipohamia Nakuru aliondoa akaunti yake, na gemu zote zikafungika.

“Dada Shamira, niliwasha nikapata kama nyumba imehamwa,” Kabiru aliniambia. “Hata pazia hakuna.”

Mkewe Wangechi alikuwa akikunja nguo kando yetu. “Si ulisema wewe ni mjanja wa mashine? Mjanja aliuziwa sanduku, bana.”

Kabiru akacheka, ila si kwa muda mrefu.

Nilirudi Kanduyi Jumamosi nikaikagua mashine yako upya. Imefunguliwa kwa akaunti yako, Naim. Gemu zote zilizomo ni zako. Siku mtakayokosana, utamfungia dada yako kazi ukiwa umelala kitandani Doha. Sisemi ndivyo ulivyokusudia. Nasema ndivyo ilivyo, na Zulekha aliliona hilo kabla yangu. Ndiyo sababu mashine yako inakaa mezani ikipanguswa vumbi, na kazi inafanywa na ile ya zamani.

Ulichosahau, au ambacho uliondoka kabla hakijakua, ni ile rafu ya diski. Wachezaji huleta diski zao pale, na kila moja ina jina la mwenyewe juu ya kasha. Yeyote anaweza kuicheza, lakini lazima kwanza aombe kwa sauti. Mwenyewe akiwepo hujibu, “Chukua.” Akiwa hayupo, chumba kizima humjibia. Asiyeomba hapewi padi. Na anayefungwa anasimama ampishe mwingine, hata awe nani.

Jumamosi hiyo aliyekuwa akiwafunga watu mabao ni Bilha, mama anayeuza nyanya soko la Misikhu. Siku isiyo ya soko huja Kanduyi kuwaadhibu vijana. Alimfunga Nakhungu wa bodaboda, naye Nakhungu akaanza kuigeuzageuza padi.

“Hii padi ina shida,” akasema.

“Padi ni ile ile nimeshika mimi,” Bilha akamwambia. “Ni vidole vyako vimezoea kushika mandazi.”

“Ati nini? Si nilikuwa nakuonea huruma, mama nyanya.”

“Huruma pelekea mama mkwe. Simama.”

Akasimama. Muuza simu wako hatawapa watu hao mahali pa kukaa.

Nilimpa Zulekha ujumbe wako wote bila kuupunguza. Alinijibu akiwa anapangusa diski kwa kitambaa, kutoka katikati kwenda nje, kama afanyavyo siku zote. “Mwambie asante kwa mashine. Mwambie pia sihami.”

Sasa tuje kwenye nyumba. Uliniandikia kwamba fungu lako ni sawa na langu na la Zulekha tukiyajumlisha, hivyo bila wewe hatuwezi kuamua lolote. Hesabu ni sahihi lakini haijaisha. Umemsahau mjane. Kadhi alipogawa mirathi ya Baba alimtolea Mama thumuni yake, ile sehemu moja ya nane, kwanza, kabla ya sisi sote, na wewe ulikuwepo. Nilimuuliza Mama thumuni hiyo imesimama wapi. Alisema iko kwa Zulekha, akaniambia nimwongezee chai. Kwa hiyo sisi watatu pamoja tunakuzidi, na chumba hakikodishwi. Ufunguo wa akiba uliokuwa kwangu nimempa Zulekha, na ukinipigia simu kuuomba utakuta sina.

Ukitaka kusaidia kweli, fanya mambo mawili. Mfungulie akaunti yake, yenye nywila anayoijua yeye peke yake. Halafu ulizia pale ulipoinunua kama mashine hiyo inapokea kisoma diski cha kubandika pembeni, kwa maana matoleo mengine yanapokea na mengine hayapokei. Kama inapokea, kitume. Diski zote za rafu zitasomeka humo, na ile ya zamani itapumzika.

Jambo la mwisho. Nakhungu alipopata zamu tena, alitoa kwenye rafu diski ya mpira ambayo kasha lake limepasuka kona. Akaiinua. “Naim, tunaomba,” akasema. Chumba kizima kikajibu, “Chukua.” Nakhungu hajawahi kukuona. Bilha naye hajawahi. Nikauliza huombwa mara ngapi, wakaniambia karibu kila siku, kwa kuwa ndiyo inayopendwa.

Baadaye niliishika mashine yako nikaizungusha pande zote, nikitafuta. Diski yako haina pa kuingia.

Nisalimie Shafi na wote mnaoishi nao chumba kimoja. Mama anakusalimu na kukuombea. Zulekha pia anakusalimu, na amesema ni bila kinyongo. Bilha, nilipomwambia kuwa mimi ni dada yako, alisema anakusalimu ingawa humjui. Mwenyezi Mungu akulinde kazini, akufungulie riziki ya halali, na akurudishe kwetu salama.

Dadako anayekupenda, na ambaye katika hili hakutii,

Shamira