Maji Niliyoyaacha Mkobani

Mpendwa Shangazi,

Kuna swali ambalo nimeshindana nalo tangu tulipokuzika, na elimu yangu yote haijanisaidia kulijibu. Siku ile, pale kaburini, nilikuwa nakulilia wewe, au nilikuwa nalilia jiwe lililokuwa likishuka kutoka kwenye figo yangu? Wengine waliokuwapo hawana shaka. Mimi ninayo, na inanitia aibu kila jina lako linapotajwa.

Nianze mbali kidogo, kwa safari zetu za soko la Same. Tulikuwa tukishuka kutoka kwetu Bombo, milimani, kabla ya mapambazuko, tumeketi juu ya magunia ya tangawizi ndani ya lori, khanga moja umejifunga kiunoni na nyingine umenifunika mimi. Asubuhi ya safari hukuniruhusu kunywa hata uji. "Maji tutayakuta nyumbani," ulisema, "hayaendi popote." Nilipouliza kwa nini, ulinieleza kwamba lori halisimami kwa ajili ya mwanamke, na hata likisimama, kule tambarare hakuna kichaka cha kumsitiri mtu mwenye heshima. Choo cha sokoni ulisema ni cha kutazamwa kwa mbali. Basi tulishinda juani midomo imetukauka, nawe hukuacha kutania wateja. "Baba, hii haipunguzwi bei. Kampikie mama chai yake, kesho utarudi kunishukuru." Jioni, tukishafika kwenye baridi yetu ya juu, ulichota maji mtungini kwa kata, ukanywa yote kwa pumzi moja, kisha ukanijazia mimi. Sijaonja tena kitu kitamu kama maji yale. Hukunifundisha kwa maneno, lakini nilielewa: mwanamke mwenye adabu huivumilia kiu yake mpaka afike kwake, halafu huimaliza kwa mara moja.

Ulinichukua baada ya mama kufariki, ukanilisha kana kwamba kila sahani ilikuwa jibu kwa mtu fulani. Unene wangu ulikuwa fahari yako. Ulizoea kunishika mkono mbele ya majirani na kusema, "Mwoneni mtoto wa kaka yangu. Nani atasema huyu ni yatima?" Mimi nilicheka, nikaendelea kunenepa, nikasoma, nikaajiriwa chuoni. Miaka ilipokwenda, magoti yangu yalianza kuzikataa ngazi za chuo, na sukari ikapanda. Ndipo nilipofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, huko Dar es Salaam, bila kukwambia. Ningekwambiaje? Mwili ule ulikuwa ushahidi wako mbele ya kijiji, nami nilikuwa nimelipa watu waukate.

Muuguzi aliyeniruhusu kwenda nyumbani alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya ukali. "Mama, sikiliza vizuri. Tumbo hili halijui kufidia. Usipokunywa asubuhi, usitegemee kunywa ya kutwa nzima jioni, halitapokea." Alinieleza kwamba utumbo ukiunganishwa upya namna ile, chumvi fulani za chakula hupita kwa wingi zaidi hadi kwenye figo, na mkojo ukiwa mchache na mzito, chumvi hizo hushikana zikawa mawe. Kwa hiyo ninywe funda dogodogo, tangu ninapoamka hadi ninapolala, kati ya milo wala si pamoja na chakula, na kwenye joto niongeze. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, nijue nimechelewa. Nilitikisa kichwa. Nadhani ningeweza kulitolea somo hilo mhadhara siku hiyohiyo.

Lakini kujua ni jambo moja. Kuinuka katikati ya kikao cha idara, ukapita mbele ya wenzako wakati kila mmoja anajua unakokwenda, ni jambo jingine. Niliendelea kuishi kama mtu aliye juu ya magunia ya tangawizi. Nilishinda mkavu, na nikifika nyumbani jioni nilijaza bilauri, nikaweza mafunda matatu, tumbo likagoma.

Mara ya mwisho tulipoonana ulinitazama kwa muda mrefu mlangoni. "Shikamoo Shangazi," nilisema. "Marahaba. Nani amekula nusu yako?" Nilijibu kwamba ni kazi tu. Ulinipa maji kwenye kikombe kikubwa cha bati, ukaketi kunitazama nikinywa. "Siku hizi unakunywa kama kuku," ulisema. "Funda moja, macho juu. Unamwogopa mwewe?" Tulicheka wote wawili. Hukuuliza tena, wala mimi sikusema. Hata leo sijui kama ulinyamaza kwa sababu ulikuwa umeelewa, au kwa sababu ulikuwa unasubiri.

Kisha simu ya msiba ikaja. Nilipanda basi asubuhi nikafika kwako jioni, na kutwa hiyo nililowanisha midomo tu. Siku ya maziko nilikuwa na chupa ya maji mkobani. Nilijua la kufanya, Shangazi, na hilo ndilo linalonichoma. Lakini choo chako kiko nyuma ya migomba, na njia yake inapita mbele ya mabenchi walipoketi wanaume pamoja na mchungaji. Tena nilifikiri, nikitoa chupa kila mara na kunywa kama kuku mbele ya wanawake wote wale, wataulizana nina ugonjwa gani. Nikaibana chupa ndani ya mkoba na mkoba nikaubana kwapani. Adabu yako niliitunza mpaka mwisho.

Maumivu yalinishika ubavuni wakati wa ibada. Walipoanza kukushusha kaburini yalikuwa yameenea mpaka kinenani, na nilianguka kwa magoti kwenye udongo mbichi nikapiga yowe. Wanawake walinizunguka, wakanipepea kwa khanga. "Mwacheni alie," mmoja alisema. "Huyu ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye." Mwingine akasema, "Mnaona? Usomi haujamtoa utu." Nilisikia kila neno. Sikuwa na pumzi ya kuwasahihisha, na baadaye, nilipokuwa nayo, sikuitumia. Mama Nakundwa, rafiki yako wa ng'ambo ya mfereji, aliniletea kata ya maji, kata yako ileile, akanihimiza, "Kunywa yote, mwanangu, utulie." Nilijaribu kunywa kama wewe, kwa pumzi moja. Nikatapika mbele ya kaburi lako. Wakasema huzuni imenizidi.

Kesho yake walinishusha hospitali, na picha ikaonyesha jiwe. Daktari aliniuliza ninakunywa maji kiasi gani kwa siku, nikaona aibu kama mwanafunzi aliyekamatwa bila daftari. Jiwe lilitoka lenyewe baada ya mateso, lakini figo ile ilikuwa imeumia. "Likirudi tena na tena, utaipoteza," alisema. 

Sasa ninakunywa. Chupa yangu inakaa juu ya meza ninapofundisha, na nikitaka kutoka ninawaambia wanafunzi, "Nisubirini kidogo," kisha ninatoka. Laiti ningeweza kukwambia kwamba aibu imekwisha. Haijaisha. Ninainuka nayo, ninatembea nayo, ninarudi nayo.

Hivi karibuni nilikuja kukujengea kaburi. Tuliketi uani kwako, mafundi upande mmoja na wanawake upande wa pili, na Mama Nakundwa akaanza kuwasimulia wasichana jinsi nilivyokulilia. "Kulia ni kule," alisema. "Ninyi siku hizi mnalia mkichungulia simu." Wasichana walinitazama kwa heshima, nami nikatamani ardhi inimeze. Nilikunywa funda langu, nikainuka, nikapita mbele ya mafundi wote hadi nyuma ya migomba. Niliporudi nilimvuta kando nikamweleza yote: tumbo, maji, jiwe.

Alinitazama kama mtu anayesikiliza habari za jirani asiyemfahamu vizuri. "Jiwe?" alisema. "Haya, jiwe. Sasa mbona ulikuwa unaita 'Shangazi'?"

Sikumbuki kuita. Nimejaribu sana kukumbuka na ninaliona yowe tu, bila neno ndani yake. Huenda Mama Nakundwa anakumbuka vizuri kuliko mimi. Huenda pia aliniongezea neno hilo kwa huruma, ili nisirudi mjini mikono mitupu. Na hata kama niliita kweli, bado sijui niliita nini. Tangu utotoni, nikiugua malaria au nikijikata kwa panga, hilo ndilo jina nililoita, kwa kuwa ndilo lililokuja na maji na mkono wa baridi kwenye paji la uso. Pengine niliita kwa sababu umekufa. Pengine niliita kwa sababu ninaumwa, nikasahau kwamba umekufa, ukiwa mbele yangu ndani ya sanduku.

Swali langu basi linabaki palepale, na nadhani litabaki. Ni mtu mmoja tu aliyeweza kusikia kilio changu kutoka jikoni akajua kama ni cha njaa, cha deko au cha maumivu, bila kuja kutazama. Ndiye huyo niliyekuwa nikimzika. Wewe ungejua, Shangazi. Mimi naendelea kunywa funda dogodogo, macho juu, na kukisia.

Lala salama kwenye baridi yako ya juu.

Mtoto wa kaka yako