Haikuwa Chukudu, Papa

Papa,

Huko uliko hakuna posta, najua, lakini barua hii haina safari ndefu. Kesho tunaondoa matanga yako hapa nyumbani Goma, na desturi unaijua: kabla chakula hakijagawiwa, mzee mmoja wa ukoo atasimama na kuuliza nani bado ana neno na marehemu. Mara nyingi watu hukaa kimya, au mtu husema marehemu alimwazima jembe. Mimi nina neno. Nimeliandika kwa sababu nikisimama bila karatasi nitakimbia. Wewe hukuwahi kujua kwamba mimi ni mtu wa kukimbia, na neno lenyewe ndilo hilo.

Nianzie kijijini kwetu Kibumba, kwenye ua wa shule, ulipotufundisha Kiingereza bila kitabu hata kimoja. Ulitupanga mstari. Mmoja alikuwa mtenda, anayemfuata alikuwa kitenzi, wa tatu alikuwa yambwa, yaani kile kinachotendwa, na wa mwisho alikuwa kielezi, yule wa kusema sana, vizuri au haraka. Kitenzi na yambwa walishikana mikono. Kielezi aliruhusiwa kusimama nyuma yao, pengine hata mbele ya kitenzi, lakini kupita katikati yao ilikuwa marufuku. Vichwa vyetu vilikuwa vimeshapikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa kinamruhusu kielezi kujipenyeza hapo, kwa hiyo hapakupita siku bila mmoja wetu kumwingiza. "I like fish very much," ulirudia, samaki kwanza, sana baadaye, na fimbo ya mkaratusi ikashuka. Hukupiga mdomo uliokosea. Ulipiga mikono iliyoachana.

Ulikuwa mkali kupita kiasi, Papa, na sitakusifia leo eti kwa kuwa umekufa. Kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto bado kimepinda. Siku uliyokivunja mimi nilikuwa kitenzi, na yambwa alikuwa Kahindo, dada yangu, mtoto wa miaka saba ambaye hakuwa hata wa darasa letu. Nzi alitua puani mwangu, nikamwachia mkono ili nimfukuze. Kahindo alicheka mpaka fimbo iliposhuka, kisha akalia kunishinda mimi niliyepigwa. Mama alikununia siku mbili.

Siku ya kukimbia vita, mabomu yalianza wakati mama anamenya viazi. La kwanza lilimpasua ng'ombe wa jirani, na la pili likaondoka na paa la jiko letu. Ulipakia chukudu yako, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali uliyokuwa ukishushia viazi mjini: godoro, magunia mawili, sufuria. Kisha ukatupanga kama darasani. Mama mbele na bidoni, lile dumu la maji, mimi na Kahindo katikati, wewe nyuma na mzigo. Ulinishika shingo, ukaniambia: "Paluku, usiache mukono ya dada yako. Hata wakikukata, usiache."

Barabara ya Goma ilikuwa imejaa watu na mbuzi, na askari waliotupa bunduki zao walitupita wakikimbia kutushinda sisi. Nilimwona mtu amelala kifudifudi, damu inamtoka sikioni, na mwenzake anamvua viatu huku akiangalia nyuma. Tulipofika kwenye mteremko, bomu likaanguka katikati ya watu waliokuwa nyuma yako. Lilikuangusha, ukaing'ang'ania chukudu kwa muda, kisha ikakuponyoka. Ilishuka na magunia yake, ikapita pale uliponiona mara ya mwisho nimemshika Kahindo. Bomu jingine likaja hapohapo. Vumbi lilipotua, Kahindo alikuwa ukingoni mwa barabara, kifua kimefunguka, mkono wake wa kulia umenyooshwa. Tulimfunika kwa mawe, kwa sababu jembe halikuingia kwenye ule mwamba wa volkano.

Hivyo ndivyo watu wote wanavyojua, kwamba chukudu ndiyo iliyotuachanisha mikono, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyosimulia wewe. Mama alikuwa mbele, hakuona kitu. Katika kambi ya wakimbizi uliipasua chukudu kwa shoka ili tupate kuni, na mama akaokota kipande cha mbao yake akakupiga nacho usoni, mara tatu, mbele ya majirani wa mahema, akisema umemuua mwanawe kwa ajili ya viazi. Damu ilishuka mpaka kwenye shati. Hukuinua mkono, wewe uliyepiga watoto kwa ajili ya kielezi. Tangu siku ile mpaka unakufa, mama alikupikia kila siku, na kila siku aliiweka sahani yako chini, kwenye udongo, akaondoka. Uliinama ukaiokota. Miaka yote hiyo nilitazama.

Na kuna ile asubuhi uliyonipeleka nyuma ya hema, ukanipigia magoti. Baba kumpigia magoti mtoto wake, mimi sijaona tena. "Ni miye nilipita katikati yenu," ulisema. "Unisamehe, mutoto wangu."

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikasema, "Nimekusamehe, Papa."

Sasa sikiliza. Bomu la kwanza la pale mteremkoni lilipoanguka, Kahindo aliketi chini, akakataa kutembea. Nilimvuta, nikamvuta tena. Akanishika kwa mikono yote miwili, na nikaona kwamba nitakufa kwa sababu yake. Nilimwuma vidole, Papa. Niliuma mpaka nikasikia chumvi ya damu mdomoni, akaachia, nikakimbia. Nilikuwa nimeshafika mbali chukudu ilipopita. Ilipita kando yake mahali patupu, haikumtenganisha mtu na mtu.

Mwanzo nilinyamaza kwa kuogopa fimbo. Baadaye hapakuwa na fimbo tena, na bado nikanyamaza, kwa sababu uongo ule ulikuwa umeshakuwa nyumba tunayolala. Tena nitasema yote: nilifurahi kwamba hunipigi. Wakati mwingine hata nilikuchukia kwa jinsi ulivyoipokea hatia ile upesi, bila kuniuliza swali hata moja.

Leo mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza, huku Himbi, mtaa wa hapahapa Goma. Wanafunzi wangu nawapanga mstari kama ulivyotupanga wewe, kwa maana bado wanamwingiza kielezi palepale. Ila siwapigi. Wazazi husema mwalimu Paluku ni mpole. Si upole, mikono ya watoto inanitisha. Mwezi uliopita pikipiki ilitoa mlipuko kwenye ekzosti barabarani, darasa zima likaruka, na msichana mmoja akakaza kumshika mwenzake. Nilitoka nje, nikawaachia darasa.

Nakupenda, na naona aibu. Ungekuwa hai nisingeandika haya, na hiyo ndiyo aibu kubwa zaidi.

Leo asubuhi nilimsomea mama barua hii, mpaka hapo nilipokuwa nimeandika, kwa kuwa haifai aisikie mara ya kwanza mbele za watu. Alikuwa anachambua maharage ya kesho. Nilipofika kwenye vidole, akaacha kuchambua. Nilingoja anipige. Ningependa anipige. Aliniuliza tu kama ulikufa bila kujua, nikamjibu ndiyo. Akausukuma ungo kando. Kisha akasema: "Sasa miye nitaomba nani musamaha?"

Saa sita mchana alipakua fufu la muhogo na sombe, kisamvu chetu, akachukua ile sahani yako, akaingia nayo chumbani kwako. Nilimfuata hadi mlangoni. Aliiweka juu ya meza, akavuta kiti, akaipangusa sahani ukingo kwa kitenge chake, akasimama pembeni kama anayengoja mtu aketi.

Papa, msamaha niliokupa nyuma ya hema haukuwa wangu kuutoa. Kesho nitaurudisha mbele ya watu wote, nao wanifanye watakavyo. Pumzika. Ukimkuta Kahindo, mshike mkono.

Mwanao wa kwanza,
Paluku