Stempu ya Kushona

Mchumba wangu, mjukuu wangu,

Watu wote hapa wanaisimulia vibaya habari ya stempu zangu. Ati nimezeeka akili, nikashona stempu kwa uzi kwenye kadi nilizokutengenezea za vitambaa, zenye pamba ndani. Nilikusudia! Gundi haishiki kitambaa, na mshono wangu hata ng'ombe avute, haung'oki. Karani wa posta alicheka mpaka akashika meza: “Babu, stempu hulambwa!” Nikamwambia, “Lamba wewe, mimi fundi.”

Bibi yako hainuki tena kitandani. Kadi zote sita nilizikata kwenye gauni lake. Kila siku ananiuliza, “Amejibu?” Rudi, mama, angali anatutambua.

Stempu ni kweli. Kile kicheko nimekitunga. Karani alinirudishia kadi zote, akasema pale nilipozituma ulishahama. Hii ya saba naituma palepale. Sina pengine.

Babu yako, fundi