Majoho ya Kijani

Karatu, Jumapili usiku

...na bado nawasikia wanakwaya. Leo kanisani wameniaga, nastaafu. Mgeni rasmi alisifu mchango wangu, kisha akaniita mchimba visima. Sijawahi kuchimba hata kimoja. Iliniudhi.

Mimi nilifuata maji yanakopotelea. Miaka mingi iliyopita nilimwaga rangi ya kijani kwenye shimo la mwambani kule msituni, linalomeza kijito kizima, nikaenda kuisubiri kwenye chemchemi kubwa. Haikufika. Ilitokea bondeni kwa Mama Pauli, alipokuwa akisuuza majoho meupe ya kwaya, yote yakageuka kijani. Ndipo tukajua kila uchafu uliotupwa shimoni kijiji kiliunywa. Tukalizungushia uzio wa nguzo za mbao.

Nguzo zile zitaoza, nami naondoka. Hilo ndilo lililokuwa likininyima raha.

Baada ya ibada nilimwambia Mama Pauli hofu hiyo. Akashika joho lake. Tangu siku ile kwaya hushona ya kijani tu.

"Injinia, hakuna anayevaa hili kabla hajapeleka nguzo mpya kule juu."

Kumbe. Na mimi nilidhani uzio umedumu kwa sababu ya mbao nzuri tu.

Nasinzia sasa. Chini ya nyumba maji yanashuka gizani kutoka msituni, taratibu, yamevaa kijani.