Mama Huvaa Vizuri Akienda kwa Daktari

Mama Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako kabla shule haijafunguliwa. Mama yangu anaumwa mwili mzima tangu mavuno ya kahawa, leo mabega, kesho nyonga, kesho kutwa vidole, na huamka amechoka kama hakulala, siku hizi hata kitambaa cha kichwa namfunga mimi. Shangazi Kemilembe anasema amerogwa, baba anasema ni uzee naye mama hajafika miaka arobaini, na mimi nimesoma kitabu cha afya cha shule nikaona kila ugonjwa ni wake, ukurasa wa minyoo ni mama, wa upungufu wa damu ni mama, nilipofika wa ukoma nikalia, mama akacheka akanituma kumenya ndizi. Hospitali ya misheni tumekwenda, lakini mama hupumzika kutwa nzima kabla ya safari, huoga, huvaa kanga yake ya Pasaka, na daktari akimwuliza hali hujibu, "Mimi mzima, Bwana Daktari, labda wewe," maana kwetu mtu hamlalamikii mgeni, basi tunarudi na vidonge vya kichwa tu. Je, niache shule nimlimie? Nampenda sana na sijui kumwambia.

Eustadia, Kihanga, Januari 1955

Marahaba, Eustadia. Kwanza funga hicho kitabu, utajiua kwa kilio. Maumivu ya mwili mzima na uchovu usioisha huletwa na mambo mengi: minyoo inayonyonya damu, homa za kurudiarudia, ugonjwa wa viungo, hata huzuni ya siku nyingi. Kwa kutazama tu, yote hufanana. Lazima damu na choo vipimwe, na mgonjwa asikilizwe. Hata vipimo visipoonyesha kitu, mama hajisingizii ugonjwa. Baba aelewe hivyo, na shangazi aache kutafuta mchawi.

Shule usiache. Baba ana mikono, alime. Na mapenzi yako usihangaike kuyatangaza. Unayemfunga kitambaa kila asubuhi anayajua.

Kosa lenu ni kwamba mnampeleka hospitali mama wa Pasaka, mgonjwa mnamwacha nyumbani. Safari hii nendeni siku aliyoamka vibaya, na nguo ya shamba. Mwombe ruhusa mapema umsemee. Akishamsalimu daktari kwa heshima zake zote, wewe sema, "Bwana Daktari, kitambaa hicho nimemfunga mimi." Kisha nyamaza, mama aeleze kwa nini.