Mbio Hazigawanywi Kama Nyama ya Mbuzi

Kitongoji cha Mfongoni,
Kilema, Moshi.
16 Desemba 2024

Mpendwa kaka Leodegar,

Shikamoo kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe na shemeji Doris, na kwamba joto la huko halijawamaliza. Mgongo wako unaendeleaje? Ulisema unakusumbua kila ukinyanyua magunia ya korosho. Sasa unayanyanyua ya nini na hapo ghalani una vijana? Waachie.

Sisi huku hatujambo kiasi. Kifua kilinibana wiki mbili, lakini nimepona. Kindness mke wangu ni mzima na anakusalimu sana. Ng'ombe wetu amezaa, ila amezaa dume, kwa hiyo pongezi zako ziweke kwanza. Mvua za vuli zimenyesha siku nne, zikakata. Ndizi zinavumilia. Kahawa inatutazama tu.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi, na nitaituma kwa basi, kwa sababu kwenye simu kila nikipandisha sauti unaniambia mtandao haushiki. Karatasi haina mtandao. Utaisoma mpaka mwisho.

Kaka, nimekasirika. Nimekasirika tangu tarehe moja mwezi huu, siku ya kikao cha ukoo, na kila nikiamka nakuta hasira imeamka kabla yangu. Sababu ni mbio za mfongo, na sababu ni wewe.

Labda miaka mitatu ya kukosa Krismasi nyumbani imekusahaulisha mambo, ngoja nikukumbushe. Tarehe 27, watu wote wakiwa wamerudi kutoka mijini, koo zetu tatu zinazonywa mfereji huu mmoja, huu mfongo wetu, zinatoa kila moja mkimbiaji wake. Wanaanzia juu penye banio la maji, wanateremka kwenye vihamba, katikati ya migomba na kahawa za watu, wanaruka mifongo sita inayogawa maji na uzio wa mimea ya masale wa Mzee Sifael, wanamaliza penye mashine ya kahawa. Ukoo wa atakayeshinda unachagua wa kwanza zamu za maji za Januari na Februari. Wa pili unachagua baada yake. Wa tatu unachukua yaliyobaki. Babu zetu waliona ni afadhali watu waruke mifereji kuliko wapigane kwa majembe.

Sisi tumekuwa wa tatu miaka miwili mfululizo. Unajua tulichobakiziwa? Jumapili alasiri, maji yakiwa yamepungua mpaka unaweza kuyazuia kwa kandambili. Mimi nipo karibu na juu, naambulia kidogo. Aliyekauka kabisa ni shemeji yetu Magdalena, mjane wa ndugu yetu Daniel, kwa sababu kihamba chake ndicho cha mwisho kwenye mkondo. Mwaka jana alipanda miche themanini ya kahawa. Mwezi wa pili ilikuwa vijiti. Mwaka huu amepanda tena mia moja na ishirini, na anainyweshea kwa ndoo.

Sasa nikupe hali ya wakimbiaji, kwa maana najua hata ukiwa umekasirishwa na barua hii utataka kujua. Wewe mwenyewe uliwahi kushinda mara mbili, na babu yetu aliyekufundisha kuruka ndiye aliyenifundisha mimi kutazama.

Ezra wa ukoo wa juu ndiye bingwa, mwaka wa pili huu. Anapandisha wageni mlimani kupitia Marangu, kwa hiyo pumzi haimwishi. Lakini mwezi uliopita aliteremka akichechemea, goti la kulia. Anasema limepona. Mimi nimemwona akitoka kanisani, anashuka ngazi kama mama mjamzito. Na Ezra tangu zamani anarukia mguu wa kushoto na kutua kwa wa kulia. Mpaka mfongo wa nne atakuwa mbele. Kuanzia hapo lile goti litaanza kudai haki yake.

Eliufoo wa ukoo wa ng'ambo anaendesha bodaboda pale Himo. Ana kasi ya ajabu sehemu ya tambarare, ila huku kwetu tambarare iko wapi? Tena tangu ahamie Himo amekuwa mtu wa chipsi mayai na kitimoto. Kitambi kimemtangulia. Uzio wa masale ataufikia wa pili, na hapo ndipo simwamini, kwa kuwa sheria ni ileile: ukikata hata jani moja la sale umetolewa. Eliufoo anaruka kwa nguvu bila kuinua magoti. Miaka miwili iliyopita alipita na jani kwenye soksi, waamuzi wakakosa kuliona.

Kwa hiyo mwaka huu mlango uko wazi, kaka. Uko wazi kabisa! Na sisi tunaye wa kuingia. Bernadetha, binti wa Daniel, kila siku anateremka bondeni kukata majani ya ng'ombe na kupandisha, na hiyo mifongo anaivuka na mzigo kichwani. Bila mzigo humwoni miguu. Kuhusu kuwa mwanamke usinianzie, ukoo wa ng'ambo walishakimbiza binti na hakuna maji yaliyokauka. Binti huyu hana haja ya kuonyeshwa njia. Anajua kila jiwe lenye utelezi.

Basi siku ile ya kikao tukakaa kwa Mzee Yoramu, mkubwa wetu wa ukoo, pombe ya mbege ikiwa imeiva vizuri, kila mtu akijua jina litakalotajwa. Ukapigiwa simu kwa heshima tu, ukawekwa spika. Ukasema, "Mimi ndiye mzaliwa wa kwanza. Mwaka huu akimbie Shedrack wangu." Mzee Yoramu akaitika palepale, "Mkubwa ameomba fungu lake." Ikaisha.

Fungu! Kana kwamba tumechinja mbuzi! Kwenye nyama sina neno. Nyumba ya mkubwa inaanza, hata akiwa Mtwara fungu lake linawekwa, wa mwisho kama mimi napata changu, na nyumba ya katikati inapata kinachobaki katikati. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini nyama imeshakufa, kaka, haijali anayeila. Mfongo unajali anayeuruka. Toka lini mbio zikagawanywa kwa kufuata nani alizaliwa kwanza?

Niseme na langu. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa na kata ya mbege mdomoni na nikaiacha hapohapo mpaka kikao kikafungwa. Magdalena alikuwa amekaa mlangoni, akatazama chini. Nyumba ya Daniel imezoea kurukwa. Alipokuwa hai hakupewa kihamba kwa kuwa hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, akanunua kile cha mkiani kwa jasho lake. Nikikumbuka nilivyonyamaza naona aibu, na aibu ndiyo inayonizidishia hasira.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Yoramu nikiwa mkavu, bila kunywa kitu. Akanisikiliza vizuri. Akaniambia, "Filemon, fungu lile ni la kaka yako. Siwezi kulitoa mkononi mwake nikampa mwingine. Mwenyewe akinipigia akasema lipelekwe nyumba ya Daniel, nitalipeleka hata sasa hivi." Majina yanafungwa Jumapili hii tarehe 22, baada ya misa ya pili. Baada ya hapo hata Askofu hawezi kubadilisha.

Sasa nikwambie kuhusu Shedrack. Alifika tarehe kumi kutoka Dar na viatu vya rangi ya machungwa ambavyo kuku wetu wanavikimbia. Kijana mzuri, kanyooka, ana kifua. Akanisalimia kwa adabu zote, nikasema labda namwonea. Nikamwuliza kama yuko tayari. Akasema, "Usijali ba'mdogo, mi niko fiti, jim nakwenda kila siku." Jumamosi nikamchukua nikamwonyesha njia.

Mfongo wa kwanza akauruka. Wa pili akaingia mpaka kiunoni, na kiatu kimoja kikaenda na maji, tukaja kukipata baadaye kwa jirani. Hakulalamika. Tulipofika kwenye masale ya Mzee Sifael akasimama. Nikamwambia ruka. Akarudi nyuma, akaja mbio, akasimama tena palepale. Mara tatu. Ya nne hakurudi nyuma hata kidogo, akakaa chini akavua kiatu kilichobaki.

Akaniambia, "Ba'mdogo, mi sijui kuruka. Nilimwambia baba sitaki. Akasema jina langu limeshatajwa, nisimtie aibu." Halafu akaniomba, "Usimwambie kama naogopa."

Nakwambia. Atanisamehe. Nilikuwa nimebeba hasira ya kummwagia, kaka, nikakosa pa kuimwaga. Mtoto wa miaka ishirini na miwili, mrefu kuliko mimi na wewe, yuko tayari kuvunjika shingo mbele ya koo tatu ili asikuambie neno moja la ukweli. Mfongo haumwogopeshi hata nusu ya jinsi wewe unavyomwogopesha.

Jana baada ya misa niliwakuta yeye na Bernadetha kule juu. Shedrack ameshika simu anapima muda, binti anakimbia njia nzima. Alitumia dakika kumi na moja na nusu. Ezra mwaka jana alishinda kwa dakika kumi na mbili kasoro kidogo, na goti likiwa zima. Shedrack akateremka kwangu anapiga kelele, "Ba'mdogo, huyu dada ni noma!" Tangu aje sijamwona amefurahi namna ile.

Basi utabiri wangu ni huu, na unajua sikosei mara nyingi. Akikimbia Bernadetha, wa kwanza ni yeye, wa pili Ezra kwa kuchechemea, wa tatu Eliufoo, au asiwepo kabisa kwa sababu ya masale. Akikimbia Shedrack, wa kwanza ni Ezra, wa pili Eliufoo, na wetu tutakwenda kumchukua alipo. Sitii chumvi.

Najua ulitaka mwanao ajulikane nyumbani. Ni haki yako kutaka. Lakini angejulikana zaidi kama ungekuja naye.

Msalimie sana shemeji Doris, mwambie ule mchele aliotuma ulifika na tuliula kwa raha. Kindness anasema mkija safari ijayo atawapikia mtori, msilete visingizio. Mzee Yoramu anakusalimu. Simu yake inashika vizuri akiwa zizini, asubuhi. Shedrack anakusalimu, na hajui kama nimeandika.

Magdalena naye anakusalimu kwa heshima. Hakunituma niseme chochote, wala hajawahi kulitaja jina lako vibaya. Leo asubuhi nilipita kwake kuulizia kama ana salamu za Mtwara nikamkuta amepiga magoti shambani, anang'oa ile miche yake ya kahawa mmoja mmoja, anaifunga na udongo wake kwenye majani ya mgomba. Nikadhani ina ugonjwa. Akasema hapana, ni mizima, anaigawa kwa watu wa ukoo wa juu ingali hai, kwa sababu wao mwezi wa pili watakuwa na maji.

Alikuwa ameshang'oa arobaini. Nimemwomba asubiri mpaka Jumapili.

Mungu akulinde, akupe afya, na akupe moyo wa kunyanyua simu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikiwa nimekasirika,

Filemon